Kila mutu anatafuta njia ya mukato, wote tunabaki ku barabara



Saa kumi na moja za asubui, Kinshasa. Giza bado iko, lakini ku boulevard Lumumba watu wamekwisha kujaa. Ni watu wa Masina, wa Ndjili, wa Kimbanseke, wanaotafuta gari la kwenda Gombe. Kazi inaanza saa mbili. Wanatoka saa kumi na moja juu wanajua kama mwenye kutoka saa kumi na mbili anaweza kufika saa tatu, na bosi hatasikia maneno ya ambutiyaje. Mangaribi ni vile vile. Mama anafika nyumbani, watoto wamekwisha kulala. Amefanya kazi saa nane, na saa zingine tatu ao ine amezipatia barabara bila mushahara.

Munamujua mama huyo. Ni mama yenu, ni dada yenu, ao ni nyinyi wenyewe.

Kila mara wakubwa wanapoongea juu ya ambutiyaje, tunasikia majibu mawili. La kwanza: washofere hawana akili. La pili: tutajenga barabara ingine. Leo tunataka kuonyesha kama jibu la kwanza ni uongo, na la pili, likiwa peke yake, linaweza hata kuharibu zaidi. Hatusemi vile kwa kupenda kupinga. Ni hesabu, na kila mutu anaweza kuifanya ku karatasi.

Shofere haiko mujinga

Tuanze na shofere wa taksi-basi, juu yeye njo anatukanwa na kila mutu. Gari haiko yake. Kila siku mangaribi anapaswa kumuletea mwenye gari feza yake, ile tunaita versement, safari ziwe nyingi ao chache. Juu ya hiyo anaweka mafuta, analipa mupiga-debe, anatoa kitu kidogo kwa polisi wa rulage. Chenye kinabaki njo chakula ya watoto wake.

Sasa mwambie shofere huyo aende mpaka mwisho wa safari, Masina mpaka Gare Centrale, wakati njia imefungwa. Mafuta yanaungua, gari halitembei, bei ya abiria ni ile ile moja. Kwa hiyo anafanya kile watu wa Kinshasa wanakiita demi-terrain: anakata safari katikati. Anafika Limete, anasema "mwisho," abiria wote wanashuka, yeye anageuza. Mutu mwenye alilipa mara moja sasa atalipa mara mbili, na ataanza tena kupigania nafasi ku gari lingine.

Ni mubaya? Kwa abiria ni mubaya sana. Lakini shofere amepiga hesabu yake vizuri. Tatizo ni kwamba washofere mia moja wakipiga hesabu ile ile, Limete inajaa magari yanayogeuza katikati ya barabara na watu waliosimama mpaka ndani ya njia. Ambutiyaje inazaa demi-terrain, na demi-terrain inazaa ambutiyaje ingine.

Na sisi abiria na wenye magari yetu tunafanya vile vile. Asubui, ku WhatsApp, sauti inaingia: "Musipite Kintambo, kumefungwa, mupite ndani ya kartie." Wa kwanza kusikia wanapita vizuri. Dakika 20 nyuma, kile kinjia cha kartie, chenye mashimo na watoto wanaokwenda masomo, kimejaa magari mpaka mwisho. Hakuna mwenye alikosea, kila mumoja alichagua njia iliyoonekana nzuri kwake, na wote pamoja wameiharibu.

Jambo hili lina jina lake. Mwaka 1952 Mwingereza mumoja, John Glen Wardrop, aliliandika wazi: kama kila shofere anachagua njia yake mwenyewe, magari yatajigawa mpaka kufika pahali ambapo hakuna anayeweza kupunguza muda wake kwa kubadilisha njia peke yake. Lakini Wardrop alitofautisha hali hiyo na ingine, ile ambayo muda wa watu wote pamoja ni mudogo zaidi. Hizo ni hali mbili. Kile kinachomufaa kila mumoja na kile kinachotufaa wote, ku barabara, mara nyingi haviko kitu kimoja.

Hesabu ya magari 4000

Mwaka 1968 mwanahesabu wa Ujerumani, Dietrich Braess, alionyesha kitu cha kushangaza zaidi. Tunakileta hapa kwa mufano mwepesi. Chukueni kalamu.

Magari 4000 yanatoka pamoja ku kartie moja, yanakwenda katikati ya muji. Njia ziko mbili. Njia ya kwanza inaanza na daraja finyu, kisha inaingia ku barabara pana. Njia ya pili inaanza na barabara pana, kisha inaishia ku daraja lingine finyu. Ku barabara pana muda ni dakika 45 kila wakati, magari yawe mengi ao machache. Ku daraja finyu muda unafuata wingi wa magari: yakipita 2000 ni dakika 20, yakipita 4000 ni dakika 40.

Bila amri ya mutu, magari yatajigawa: 2000 huku, 2000 kule. Kila mutu atatumia dakika 20 ku daraja na 45 ku barabara pana. Jumla dakika 65.

Sasa mukubwa mumoja anakuja na televizyo, anakata utepe, anafungua njia mupya ya mukato kutoka mwisho wa daraja la kwanza mpaka mwanzo wa daraja la pili. Ni nzuri na fupi, tuseme kuipita haichukue hata dakika moja. Watu wanapiga makofi.

Kesho yake kila shofere anapiga hesabu. "Ku daraja, hata likijaa magari yote 4000, nitatumia dakika 40. Ku barabara pana ni 45. Kwa hiyo daraja ni bora kila wakati." Anapita daraja la kwanza, anaingia ku mukato, anapita daraja la pili. Wote wanafanya vile. Magari yote 4000 yanabanana ku daraja la kwanza, kisha yote tena ku daraja la pili. Dakika 40 na dakika 40. Jumla 80.

Mbele ya njia mupya ilikuwa 65. Barabara imeongezeka, feza za serikali zimetoka, na kila mutu amepoteza dakika 15. Tena mumoja akisema atarudilia njia yake ya zamani, yeye peke yake atatumia 85. Njo maana hakuna anayerudi.

Hatusemi kila barabara mupya ni mubaya. Kinshasa inahitaji barabara, na kuna kartie ambazo mvua ikinyesha hata moto haipite. Tunasema paka hivi: kujenga bila kuuliza magari yatachagua njia gani ni kucheza na feza ya watu. Na kuna jambo lingine. Mwaka 1962 Anthony Downs, wa Marekani, alieleza kwa nini barabara iliyopanuliwa inajaa tena. Ikifunguka, wenye walikuwa wanapita njia zingine wanakuja, wenye walikuwa wanatoka saa ingine wanarudi ku saa ile ile ya wote, wenye walikuwa wanapanda basi wanachukua gari. Kisha muda kidogo, asubui inakuwa kama zamani.

Na kinyume chake kimeonekana pia. Seoul, katika Korea ya Kusini, mwaka 2003 walianza kubomoa barabara kubwa ya juu iliyofunika muto Cheonggyecheon katikati ya muji. Watu waliogopa kama muji utakufa. Mwaka 2005 muto ulifunguliwa, na muji haukusimama. Lakini hawakubomoa tu na kwenda kulala: mwaka 2004 walipanga upya mabasi yote na kuyapa njia zao katikati ya barabara. Shofere aliyekosa njia moja aliona kitu kingine cha kuchagua. Siri yote iko hapo.

Kinshasa imejaribu nini

Tuseme kweli, vitu vimefanywa.

Mwaka 2013 Kinshasa iliweka maroboti ya rulage, yaliyotengenezwa na injinia Mukongomani, mama Thérèse Izay Kirongozi. Robo haombi kitu kidogo, haogopi gari la mukubwa. Tulijivunia kazi hiyo na tunaendelea kujivunia. Mwaka ule ule serikali ilianzisha kampuni ya mabasi Transco, na watu wengi walipanda basi la kweli kwa bei ya kweli. Lakini basi ambalo linasimama ndani ya mustari ule ule na magari ya watu binafsi halina faida ku saa: linachelewa pamoja nao. Na basi likiharibika bila kutengenezwa, abiria wake wanarudi ku taksi-basi, ku taksi, ku moto, na kila mumoja wa hivyo anaongeza ambutiyaje.

Mwaka 2019, katika programu ya siku 100 ya rais Félix Tshisekedi, zilianza kazi za saut-de-mouton, madaraja ya kuruka juu ya njia panda. Siku 100 zilipita, miezi ikapita, na njia panda zilizofungwa juu ya kazi zilisukuma magari yote ndani ya vinjia vya kando. Hata kisha kufunguliwa, daraja la kuruka linafanya kazi moja: linatoa ambutiyaje ku njia panda hii na kuipeleka haraka ku njia panda inayofuata. Kama ile ya mbele haikutayarishwa, tumenunua kwa bei kubwa kuhamisha foleni.

Mwisho wa mwezi wa 10 mwaka 2024, serikali ilijaribu kitu kingine: barabara kubwa za upande wa magaribi, kama Nguma na Mondjiba, zikawa za upande mumoja kwa zamu. Asubui magari yanakwenda katikati ya muji, kisha mangaribi yanageuka. Ku karatasi ni wazo lenye maana. Saa ya wengi wanaokwenda Gombe, kwa nini nusu ya barabara ibakie kwa wachache wanaorudi?

Lakini wachache wanaorudi ni nani? Ni muuguzi aliyelala kazini na anarudi nyumbani. Ni mama aliyekwenda soko usiku na anarudi na bidhaa. Ni mwanafunzi anayesoma upande mwingine. Hao waliambiwa wazunguke. Mwenye gari alizunguka, na njia za kuzungukia hazikuwa tayari. Asiye na gari alitembea kwa miguu, kilomita kwa kilomita, juu taksi-basi halikuweza kufunga muzunguko wake na bei ilipanda. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Tunarudia neno letu: magari ni kama maji. Ukifunga hapa, yatatafuta pa kutokea. Kazi ya serikali ni kujua mbele yatatokea wapi.

Mwaka 2024 pia zilizinduliwa kazi za rocade, barabara za kuzunguka Kinshasa. Zinaweza kusaidia, zaidi kwa malori ambayo hayana kazi katikati ya muji. Lakini kama ku rocade hakutakuwa basi, na kama kazi zote, ofisi zote, benki zote zitabaki Gombe, basi rocade itakuwa njia ndefu ya kufika ku foleni ile ile.

Nani anaamua, nani anangoja

Sasa tuseme kile kinachotuuma.

Wenye kukata mashauri juu ya barabara hawajue ambutiyaje. Munawaona: king'ora, gari nyeusi tatu, ine, askari anatoa mukono inje na kupiga mabodi ya magari ya watu, na wanapita ku upande wa wanaokuja. Wao wamepata njia yao ya mukato. Nyuma yao magari ya kawaida yanawafuata, moto zinawafuata, na dakika kumi nyuma pande zote mbili zimefungwa. Kisha ku radio tunaambiwa kama raia hawana adabu ya barabara.

Adabu inaanza juu. Sheria ambayo mukubwa anaivunja kila asubui mbele ya watu elfu haiwezi kuwa sheria mangaribi kwa motari.

Na tuongee juu ya rulage pia. Polisi anayesimama ku jua siku nzima, na mushahara usiotosha kulipa nyumba, ataishi na nini? Ataishi na washofere. Na anayeishi na washofere, njia ikifunguka anapoteza. Hatumuteteе, lakini hatutaki kumufanya yeye peke yake mwenye kosa. Mulipeni, kisha mumuhukumu.

Ambutiyaje haiko jambo la kuchelewa tu. Ni ambulansi yenye mama mjamuzito ndani, inayolia bila kusogea. Ni msichana anayeshuka gari saa ine za usiku kwa sababu ya demi-terrain na kumaliza njia kwa miguu gizani. Ni mushahara unaoliwa na safari mbele ya kununua unga. Maskini anaipa barabara saa zake, na saa hizo hakuna anayezihesabu.

Na sisi wa Lubumbashi, Goma, Bukavu?

Wengine mutasema: hiyo ni ya Kinshasa. Hapana. Kinshasa iko mbele yetu tu.

Bukavu, muji uliojengwa ku vidole vya inchi vinavyoingia ziwani, hauna njia nyingi za kuchagua. Pahali ambapo njia kubwa ni moja, kitu pekee mutu anaweza kuchagua ni saa ya kutoka, na wote tunachagua saa ile ile. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya muji na kufunika barabara zake. Lubumbashi ina reli inayogawa muji, na malori ya shaba na kobalti yanayokwenda Kasumbalesa yanatumia barabara moja na wanafunzi. Miji yetu inakua kila mwaka, na mupango wa njia zake ni wa zamani. Tukingoja mpaka tuwe kama Kinshasa, tutalipa mara kumi.

Tunachoomba

1. Matokeo ya jaribio la 2024 ku Nguma na Mondjiba yawekwe wazi: muda wa safari mbele na nyuma, bei ya usafiri mbele na nyuma, kwa wanaokwenda na kwa wanaorudi. Jaribio ambalo matokeo yake raia hawayaone halina faida kwao.

2. Mbele ya kujenga barabara, daraja ao mukato wowote, serikali ionyeshe hesabu: magari yatatoka wapi, yatakwenda wapi, njia panda inayofuata itabeba? Na mukataba uonekane pamoja na bei yake.

3. Basi lipewe njia yake. Dar es Salaam ilifanya hivyo mwaka 2016 na mwendokasi. Mpaka leo kuna malalamiko kule, mabasi hayatoshi na watu wanabanana, lakini basi linapita foleni ikiwa imesimama. Basi moja linabeba watu ambao wangejaza magari makumi. Siku basi litafika mbele ya gari, wenye magari wenyewe watachagua basi bila kulazimishwa.

4. Treni ya abiria ya muji ipewe maana yake. Reli iko Kinshasa tangu wakati wa wakoloni. Haina ambutiyaje.

5. Pahali pa kusimama na pa kugeuza pa taksi-basi pajengwe inje ya njia, na bei za safari zihesabiwe pamoja na washofere, ili safari nzima ilipe kuliko nusu. Hapo njo demi-terrain itapungua, fimbo haitaimaliza.

6. King'ora kibakie cha ambulansi na cha zimamoto.

7. Ofisi na huduma za serikali zipelekwe ku komini zingine. Njia nzuri kuliko zote ni ile ambayo mutu hana lazima ya kuipita.

Na sisi wenyewe? Sisi pia tuko magari ndani ya hesabu ile. Tusiingie ku njia panda kama mbele hakuna nafasi ya kutoka, hata kama taa inaturuhusu. Tusifuate king'ora. Wewe motari, ndugu yetu, usipande ku njia ya waenda-miguu. Sauti ya WhatsApp isitupeleke wote ndani ya kinjia kimoja mbele ya masomo ya watoto. Hayo hayatamaliza ambutiyaje, na hatutaki serikali ijifiche nyuma yake. Lakini raia anayeomba utaratibu anaanza nao.

Wandugu, ile hesabu ya magari 4000 ina fundisho moja kubwa kuliko barabara. Ndani yake hakuna mwizi wala mujinga. Kuna watu 4000 wenye akili, kila mumoja anajitafutia, na wote wanapoteza. Hakuna hata mumoja anayeweza kutoka peke yake, juu akitoka peke yake anapoteza zaidi. Wanatoka paka wakikubaliana pamoja.

Inchi yetu nzima imekaa vile muda murefu. Kila mutu na njia yake ya mukato: kitu kidogo kwa polisi, mujomba ku ofisi, jenereta nyumbani, tangi la maji ku nyumba. Na barabara ya wote imefungwa.

Juma hili, andikeni saa munayotoka nyumbani na saa munayofika, siku tano, kwenda na kurudi. Tuletee. Tutajumlisha, na tutapeleka hesabu hiyo ku ofisi ya mwenye kuhusika, kwa amani, kwa miguu, mchana mweupe. Saa zetu ni uhai wetu. Tunazidai.